MOYO MWEMA PASIPO MASIKIO



Leo hatuji kusema juu ya watu wabaya. Mtu mbaya tunamjua, tunajilinda naye. Tunataka kusema juu ya mtu mwema aliyeziba masikio.

Mwaka 1955, mwezi wa Desemba, mwalimu mmoja Mbelgiji, Jef Van Bilsen, aliandika kwamba Kongo itayarishwe kujitawala kwa muda wa miaka 30. Wabelgiji wengi walimkasirikia: waliona anakimbia mno! Na si wote waliokuwa na roho mbaya. Walijenga hospitali na shule. Katika kambi za migodi ya Katanga mfanyakazi alipata nyumba na posho. Basi waliamini kwamba watu wameshiba, wametulia. Mwenyewe hawakumwuliza. Walisahau hata tarehe 9 Desemba 1941, pale Elisabethville, wafanyakazi wa Union Minière walipodai mshahara wakapigwa risasi.

Agosti 1956 chama cha Abako kilijibu kwamba hakitaki kungoja miaka 30. Neno hilo halikusikiwa. Tarehe 4 Januari 1959 Léopoldville ikawaka ghasia. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ikapata uhuru. Hesabuni wenyewe: ni miaka 4 na nusu tu! Na siku ile, katika jeshi lote, hakukuwa na ofisa hata mmoja Mkongo. Siku 5 baadaye askari wakaasi. Deni hilo walililipa wote, weupe na weusi.

Wandugu, tusicheke. Ugonjwa huu hauchagui rangi. Sisi makarani tunaoshika kalamu, na watu wa kamati, tujihadhari. Kiongozi anapenda watu wake, anawafanyia kazi usiku na mchana, kisha anasema moyoni kwamba anajua wanachotaka. Mtu wa chini ya ardhi anainua mkono, anaambiwa akae, hakusoma. Mama anataja bei ya unga, anaambiwa hiyo si habari ya mkutano. Ndivyo mlango unavyofungwa, polepole, kwa mkono wa mtu mwema.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kabla ya kufunga mkutano, aulizwe yule ambaye hajasema. Na maneno ya anayepinga yaandikwe kitabuni sawasawa na ya anayesifu. Sifa ni tamu, lakini nyumba huokolewa na yule anayesema: paa linavuja.