Grafiti: Adui Anayezaliwa Ndani ya Feleji

Mwezi Januari mwaka 1943 bomba kuu la mvuke lilipasuka katika kituo cha kufua umeme cha Springdale, jimboni Pennsylvania, nchini Marekani. Lilikuwa limetumika kwa miaka mitano na nusu tu, katika joto la nyuzi 505 za Selsiasi. Wataalamu walipolichunguza, walikuta kando ya kiungo kilichochomelewa mstari wa chembe nyeusi za grafiti, ile inayotumika katika penseli.

Je, grafiti hiyo ilitoka wapi? Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Ilitoka ndani ya feleji yenyewe.

Katika feleji, sehemu kubwa ya kaboni huwa imefungamana na chuma, atomu moja ya kaboni kwa tatu za chuma. Ndoa hiyo huipa feleji nguvu, lakini si ya milele. Ikikaa miaka mingi katika joto linalozidi takriban nyuzi 425, huvunjika polepole. Chuma hubaki laini, na kaboni hujikusanya kuwa grafiti.

Kasi ya talaka hiyo hutegemea elementi nyingine zilizochanganywa humo. Silikoni na nikeli huiharakisha. Alumini, inayotiwa katika feleji iliyoyeyuka ili kuondoa oksijeni, huiharakisha pia. Feleji ya Springdale ilikuwa imetiwa alumini, pamoja na nusu asilimia ya molibdeni ili istahimili joto. Molibdeni huchelewesha grafiti, lakini peke yake haikutosha.

Mlinzi wa kweli ni kromi, kwani huishika kaboni kwa nguvu kuliko chuma kinavyoweza. Kiasi cha nusu asilimia au zaidi hutosha kuizuia grafiti. Ndiyo sababu, baada ya ajali hiyo, feleji yenye kromi ilichukua nafasi katika mabomba ya mvuke mkali.

Hata hivyo, hatari haijatoweka katika mitambo mikongwe. Chembe zilizotawanyika hazina madhara makubwa; zikijipanga mstari mmoja, bomba hukatika ghafla. Tena grafiti haipunguzi unene wa bomba, hivyo kipimo cha unene hakiigundui. Sharti feleji ing'arishwe karibu na kiungo, kisha itazamwe kwa hadubini. Anayeridhika na unene peke yake hajalipima bomba.