Tuchange Kabla Ziwa Halijafungwa



Mama aliyepigwa usiku, mtoto mgongoni, miguu mitupu, anahitaji mlango wa kubisha. Sheria ya Zambia ya mwaka 2011 dhidi ya ukatili wa kijinsia inatambua nyumba za hifadhi na imeanzisha mfuko wa waathirika. Lakini sheria haijengi ukuta. Sisi wa Nchelenge, Kashikishi na makazi ya wakimbizi ya Mantapala ndio wajenzi.

Tupange michango ya kujenga nyumba ya hifadhi kwa majira ya ziwa. Kila mwaka uvuvi katika Ziwa Mweru hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, na mifuko hukauka. Basi tuchange mapema, samaki wakiwa bado sokoni. Asiye na kwacha alete godoro, sufuria, au nguvu zake za kufyatua matofali. Fedha ziwekwe benki kwa jina la kamati ya ujenzi, na hesabu zisomwe hadharani. Majina ya watakaohifadhiwa yasitajwe kamwe.

Kumpiga mke si siri ya nyumba, ni kosa la jinai. Ukiumizwa leo, usisubiri nyumba ya hifadhi ijengwe: nenda hospitali, kisha polisi, kwenye kitengo cha kuwasaidia waathirika. Nawe jirani, ukisikia kilio, msindikize aliyeumizwa.