Tangi la Gesi Karibu na Nyumba: Tuulize Mapema

(Maneno haya yalitolewa katika siku ya vikundi vya kujisaidia vya parokia. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya vikundi ambavyo havikuweza kufika.)



 Mwenyekiti alikuwa ameniomba niongee juu ya mbuzi wa maziwa. Mtanisamehe, mbuzi watangoja kidogo. Majuzi kikundi kimoja cha kina mama kilikuja ofisini na swali, nami nikaona ni swali letu sote.

Walisema hivi: "Kuna mtu amenunua ploti nyuma ya soko, karibu kabisa na shule ya chekechea. Tunasikia ataweka matangi makubwa ya gesi, awe akijaza mitungi. Je, sisi tunaweza kusema kitu, au ploti ya mtu ni ya mtu?" Mama mwingine akaongeza, "Na gesi yenyewe tunaitaka, macho yameharibika kwa moshi. Tutaonekana aje tukikataa?"

Jibu langu ni fupi. Kutaka gesi jikoni ni jambo moja. Kukubali tangi kubwa kando ya watoto ni jambo lingine. Mtu anaweza kupenda ng'ombe na bado asikubali boma lijengwe juu ya kisima. Kwa hiyo msione haya kuuliza. Lakini mkiuliza, ulizeni mapema, ulizeni pamoja, na ulizeni kwa maandishi. Sasa niwaeleze kwa nini.

Yaliyotokea Embakasi

Mnakumbuka usiku wa tarehe 1 Februari 2024, kule Embakasi, Nairobi. Lori lililobeba gesi lililipuka mahali palipokuwa katikati ya nyumba za watu. Moto ukaruka, ukachoma nyumba, magari na maduka. Watu kadhaa walifariki na zaidi ya 200 walijeruhiwa. Wengi walikuwa wameshaingia kulala.

Baadaye mamlaka ya serikali inayosimamia kawi na petroli, ile EPRA, ilisema kwamba katika mwaka wa 2023 iliombwa kibali cha kuweka gesi mahali pale, na ikakataa mara tatu. Sababu mojawapo ilikuwa wingi wa watu wanaoishi karibu.

Hebu tulifikirie hilo. Ofisi ilikataa mara tatu, na bado gesi ilikuwa pale. Mimi nalichukua kama fundisho: karatasi iliyo kwenye faili mjini haiwezi kumwokoa mtu asiyejua kwamba iko. Jirani ndiye anayeona lori likiingia saa tano za usiku. Jirani akinyamaza, ofisi haina macho.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu ikapotea. Inatambaa chini kama maji, inaingia mitaroni na kwenye mashimo, inatafuta mahali pa kutulia. Ikikutana na jiko la mama wa chapati, moto unarudi mpaka pale ilipotoka. Ndiyo sababu umbali ni jambo kubwa. Ukuta mzuri na lango la chuma si kitu kama nyumba ziko pua kwa pua na tangi.

Wakulima wa Rossport

Sasa niwapeleke mbali kidogo, mpaka Ayalandi. Wengi wenu mmefundishwa au kutibiwa na mapadre na masista waliotoka nchi hiyo. Msifikiri kule kila mtu ni tajiri. Magharibi mwa nchi, katika kaunti ya Mayo, kuna kijiji kinaitwa Rossport. Watu wake ni wakulima wadogo na wavuvi, na ardhi yao ni udongo wa mboji ulioloa maji.

Mwaka wa 1996 gesi ya asili iligunduliwa baharini, kama kilomita 83 kutoka pwani yao. Shamba hilo la gesi likaitwa Corrib. Gesi hii si ile ya mtungi. Ni gesi inayotoka chini ya ardhi, nayo ni nyepesi kuliko hewa. Mpango wa kampuni, ambayo baadaye ilikuwa Shell, ulikuwa kuileta gesi ikiwa bado mbichi ndani ya bomba, ipite kijijini, isafishwe kwenye kiwanda mahali panapoitwa Bellanaboy, kama kilomita 9 ndani ya nchi kavu.

Wanakijiji walianza kuuliza. Bomba litapita umbali gani na nyumba? Wakaambiwa kuna nyumba zitakazokuwa kama mita 70 tu. Nguvu ya gesi ndani ya bomba ni ngapi? Wakakuta limepangwa kuweza kubeba mpaka bar 345. Sasa, tairi la gari dogo lina bar 2 hivi. Fikiria mwenyewe. Tena gesi mbichi haijatiwa ile harufu tunayoijua jikoni, kwa hiyo ikivuja pua haikuambii.

Kampuni ilisema bomba ni nene na salama. Watu wakajibu, "Huenda ni nene, lakini ardhi yetu husogea." Na kweli, mnamo Septemba 2003, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka katika kijiji cha karibu cha Pollatomish. Miezi michache kabla ya hapo, Aprili 2003, bodi ya mipango ya nchi ilikuwa imekataa kiwanda kile. Lakini kampuni ilileta ombi jipya, na mwaka wa 2004 likapita. Mnaona? Ukishinda mara moja usirudi kulala.

Wako wenye mashamba waliokubali malipo, wako waliokataa. Serikali ilikuwa imetoa amri za kuruhusu bomba lipite hata kwa waliokataa. Wakulima wakasimama shambani, wakazuia wafanyakazi wasiingie. Kampuni ikaenda mahakamani ikapata amri ya kuwazuia. Wanaume watano walikataa kuahidi kwamba wataitii. Tarehe 29 Juni 2005 wakapelekwa gerezani. Hawakuwa wezi wala wakorofi. Mmoja wao alikuwa mwalimu mstaafu.

Wakakaa ndani siku 94. Na huku nyumbani, ni nani aliyeendelea na kazi? Ni wake zao, watoto wao na majirani. Walisimama kwenye lango la kiwanda, wakazunguka miji wakieleza watu. Nchi nzima ikaanza kuuliza maswali yaleyale ya kijiji kidogo. Mwisho wa Septemba kampuni iliomba amri iondolewe, wakatoka.

Kuna jambo linalotugusa sisi Waafrika. Mwaka huohuo wa 2005 watu wa Mayo walisimamisha misalaba tisa mbele ya Bellanaboy, yenye majina ya Ken Saro-Wiwa na wenzake wanane wa Ogoni, Nigeria, walionyongwa tarehe 10 Novemba 1995. Kati ya waliounganisha sehemu hizi mbili ni sista mmisionari, Majella McCarron, aliyemjua Saro-Wiwa huko Nigeria, kisha akasimama na watu wa Rossport alipokuwa kwao. Kumbe shida ya mkulima ni moja, hata rangi ikiwa tofauti.

Walipata nini?

Nitawaambia ukweli, sitawapamba. Hawakuzuia gesi. Ilianza kutiririka tarehe 30 Desemba 2015. Lakini haikupita vile ilivyopangwa mwanzoni. Baada ya watano wale kutoka gerezani, wataalamu walipitia mpango wa bomba, wakashauri nguvu ya gesi isizidi bar 144. Mwaka wa 2009 bodi ya mipango ilisema sehemu kubwa ya njia ya bomba haikubaliki kwa sababu iko karibu mno na nyumba. Mwaka wa 2011 ikakubali njia mpya, inayopita ndani ya handaki la karibu kilomita 5 chini ya ghuba, mbali zaidi na milango ya watu. Mmoja wa wale watano, Willie Corduff, alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka wa 2007.

Hiyo yote ilitoka kwenye swali moja: umbali gani na nyumba?

Lakini walilipa pia. Kijiji kiligawanyika. Kuna waliopata kazi kwa kampuni na waliosimama langoni, na hao ni ndugu na majirani waliokuwa wakisali kanisa moja. Kulikuwa na kusukumana na polisi, watu wakaumia. Kidonda cha namna hiyo hakiponi kwa sababu bomba limefukiwa. Nikiyasoma ya Rossport, hili ndilo linaloniogopesha kuliko gesi yenyewe. Kampuni huja ikaondoka. Jirani utakutana naye kisimani kesho.

Sasa sisi tufanye nini?

Kwanza, tupate habari kamili kabla ya kupiga kelele. Andikeni barua kwa NEMA na kwa EPRA, muulize kama kuna ombi la kibali kwa ploti ile. Barua iwe na tarehe, itiwe sahihi na maofisa wa kikundi, na nakala ibaki kwa karani. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Pili, tuulize maswali yenye vipimo. "Tunaogopa" ni neno la kweli, lakini ofisini halina uzito. Ulizeni: matangi ni mangapi, yana ukubwa gani, yako mita ngapi kutoka shuleni, lori litapita njia ipi, moto ukitokea gari la zimamoto litatoka wapi na litachukua dakika ngapi? Chukueni kamba mpime wenyewe.

Tatu, tuende mkutanoni. Mradi wa namna hii unatakiwa kuchunguzwa athari zake kwa mazingira chini ya sheria ya mwaka wa 1999, na wananchi wasikizwe. Mkutano ukiitwa, msimtume mwenyekiti peke yake. Na mkipewa karatasi ya kutia sahihi, muisome ni ya nini. Karatasi ya mahudhurio imewahi kugeuzwa ikawa karatasi ya kukubali.

Nne, kibali kikitolewa nanyi hamkuridhika, kuna Baraza la Rufaa la Mazingira, ambako rufaa hupelekwa ndani ya siku 60. Msiseme hiyo ni ya wakubwa. Watu wa Lamu walikwenda huko juu ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe, na mwezi wa Juni 2019 baraza likafuta leseni yake, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tena Katiba, kifungu cha 70, haikutaki ungoje kwanza upate hasara. Huhitaji kuonyesha nyumba iliyoungua ndipo usikizwe.

Tano, na hili ndilo gumu, tukubaliane juu ya pesa kabla pesa hazijafika. Mwenye mradi anaweza kuja na tangi la maji, na unga wa shule, na kitu kidogo kwa watu wachache. Amueni leo kwamba hakuna mtu atakayezungumza naye faraghani kwa jina la kikundi. Yote yasemwe mbele ya wote na kuandikwa kwenye kitabu cha mikutano. Na yule kijana atakayetafuta kazi pale, msimwite msaliti. Ana tumbo kama ninyi. Muiteni, mumsikize, naye awasikize.

Sita, msivunje, msichome, msitupe mawe. Mkitupa jiwe, watu wataliongelea jiwe, na habari ya shule ya chekechea itasahauliwa.

Na yule mwenye ploti tusimfanye adui. Huenda ni mtu wa kufanya biashara tu na hajafikiria watoto. Mwambieni, "Gesi tunaihitaji. Tafuta mahali pa wazi, mbali na makao, upate vibali vyote, nasi tutakuwa wateja wako." Pengine atakubali. Asipokubali, mtakuwa mmeshaanza kuandika.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa hivi nyuma ya soko kuna ploti tupu na nyasi. Huo ndio wakati wa kuuliza. Lori la kwanza likishaingia, mtakuwa mmechelewa.

  Mbuzi tutaongea mwezi ujao.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Je, katika kijiji chetu kuna mahali panapowekwa gesi, petroli au dawa kali karibu na nyumba? Nani anajua kama pana kibali?

2. Watu wa Rossport walipata nini, na walipoteza nini? Sisi tungefanya nini ili tusigawanyike?

3. Ni nani katika kikundi atakayeandika barua, na nakala itawekwa wapi?

4. Watoto wetu wanajua la kufanya wakisikia harufu ya gesi? (Wasiwashe moto wala swichi ya stima, wafungue milango, watoke nje, wamwite mtu mzima.)