Chakula cha Mtoto Aendaye Shule

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Bariadi)



Tukutanapo hapa Bariadi mazungumzo yetu huwa ya mizani, bei na malipo ya pamba. Leo naomba tumfikirie mtoto wa miaka mitano au sita aondokaye nyumbani asubuhi kwenda darasa la awali, akarudi jua likiwa utosini. Elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016, haikumwondolea mzazi wajibu wa kumlisha mtoto wa shule ya kutwa. Pale ambapo wazazi hawajachangia uji wa shuleni, mtoto hutegemea alichofungiwa na mama yake. Asipofungiwa kitu, hupewa shilingi mia mbili akanunue pipi.

Wazee wa Usukuma walikwisha kulipatia jambo hili jawabu. Viazi vitamu vikimenywa vibichi, vikakatwa na kuanikwa, ni michembe, nayo sharti ipikwe. Vikichemshwa kwanza ndipo vikatwe na kuanikwa, ni matobolwa, ambayo huliwa yalivyo. Kwa hiyo matobolwa ndiyo yafaayo kufungwa, ila kwa mtoto mdogo yalowekwe kidogo yalainike. Wako wanaoyaona kuwa chakula cha aibu mbele ya biskuti. Mimi siafiki hata kidogo. Tena tukipanda viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, mtoto hupata vitamini A ambayo viazi vyeupe karibu havina. Vianikwe kivulini penye upepo, maana jua kali hupunguza vitamini hiyo.

Pamoja na matobolwa afungiwe karanga zilizotwangwa. Karanga nzima huweza kumkaba mtoto mdogo. Choroko au dengu zilizochemshwa zikakauka maji nazo zafaa sana. Maziwa yawe ya mgando, kwani mabichi huharibika upesi katika joto letu. Kila mwaka, hata hivyo, choroko na karanga zote hupakiwa kwenda sokoni, na miezi michache baadaye wauzaji wale wale huzinunua kwa kipimo kidogo na bei kubwa. Kila kaya na iweke akiba ya watoto kabla ya kuuza.

Akiba hiyo ikaushwe vizuri. Mwaka 2016 sumukuvu iliyokuwa katika mahindi iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga nazo hushikwa na ukungu huo, na kukaanga hakuondoi sumu. Zilizosinyaa au kuota ukungu zichaguliwe zitupwe, wala zisifichwe ndani ya unga wa uji.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Mtoto anaweza kufungiwa chakula chema, kisha akapewa maji ndani ya chupa iliyokuwa na dawa ya pamba. Chupa ile ni imara, ina kifuniko kizuri, na mama huiosha kwa sabuni mpaka harufu ikaisha. Lakini plastiki hunyonya dawa, na kuisha kwa harufu si kuisha kwa sumu. Mwili wa mtoto ni mdogo. Kiasi ambacho mtu mzima hakihisi humdhuru yeye. Vivyo hivyo mifuko ya mbegu zilizotiwa dawa isihifadhie unga wala matobolwa. Kibuyu kilichosafishwa, au bakuli lenye mfuniko lililonunuliwa kwa kazi hiyo, linatosha.

Dawa hizo nyingi hupitia mikononi mwa vyama vyetu, na kwa sababu hiyo neno hili ni letu. Chupa ikiisha dawa isuuzwe mara tatu papo hapo shambani, maji ya kusuuzia yamiminwe ndani ya bomba la kupulizia, kisha chupa itobolewe chini. Kabla ya msimu ujao wa dawa, nashauri kila katibu afungue ukurasa katika daftari lake: jina la mwanachama, idadi ya chupa alizochukua, na idadi alizorudisha zikiwa zimetobolewa.