Picha ya Mtoto Mchanga Nyumbani

 

Leo tuzungumze kuhusu picha ya mtoto mchanga. Simu zimeenea hadi visiwani. Mama wa Takawiri akijifungua tu, shangazi aliye Mbita au Nairobi anataka kumwona mtoto. Si vibaya, kwani picha ni kumbukumbu ya jamaa. Lakini tujiandae vizuri, mtoto asije akaumia kwa sababu ya picha.

Kwanza, joto. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima, na upepo wa ziwani tunaujua. Usimwogeshe kwa ajili ya picha kabla ya saa 24 kupita tangu azaliwe. Usimvue nguo. Mvishe kofia na soksi, umfunike vizuri. Mchanga wa ufuoni unapendeza, lakini picha ya huko ingoje akue. Keti ndani karibu na dirisha lisilopitisha upepo, mbali na moshi wa jiko. Mwanga wa mchana unatosha.

Pili, usafi. Kila atakayemshika anawe mikono kwa sabuni. Mwenye mafua au kikohozi asimkaribie, na wageni wasimbusu usoni. Kitovu kiwe kikavu. Usipake majivu, mafuta wala mate. Tumia tu dawa uliyopewa na mhudumu wa afya. Usimpake poda wala wanja, na usimfunge shanga au uzi shingoni.

Tatu, mkao. Usimweke mezani, ndani ya karai au kikapu. Mnyonyeshe kwanza, kisha apigwe picha akiwa kifuani mwako, uso wake ukiwa wazi apumue vizuri. Akilia, acheni picha, mnyonyeshe. Kama alizaliwa na uzito mdogo, endelea kumbeba ngozi kwa ngozi jinsi ulivyoelekezwa. Picha itasubiri.

Nne, na hili mlisikilize sana. Watu husema, "Mtoto huyu ni mtulivu, piga upesi!" Mama, mwangalie kwanza. Je, ananyonya? Ukimgusa, anaamka na kujinyoosha? Mtoto anayekataa kunyonya, asiyejisogeza isipokuwa akiguswa, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, ambaye kifua chake kinabonyea akivuta pumzi, mwenye degedege, mwenye joto kali au mwili baridi, huyo hajatulia. Ni mgonjwa. Vivyo hivyo akiwa na macho au nyayo za manjano, au kitovu chekundu kinachotoa usaha.

Weka simu chini, umpeleke kituo cha afya mara moja. Sisi watu wa kisiwani huenda tukahitaji mashua, na mashua haipatikani kila saa. Kwa hiyo, kabla hata ya kujifungua, baba na mama wekeni akiba ya nauli, na mjue ni nani atakayewavusha usiku. Njiani mbebe ngozi kwa ngozi, mmefunikwa pamoja, na umnyonyeshe kama anaweza.

Picha isipopigwa leo, itapigwa kesho. Mtoto mgonjwa hangoji kesho.