Mfanyakazi Akiwa Mwenye Hisa

Leo tunazungumzia kampuni zilizo kwenye soko la hisa ambazo wafanyakazi wake ni wamiliki pia.

Mfanyakazi mwenye hisa hupokea mshahara, na kampuni ikigawa faida hupata gawio. Kwa hiyo ana sababu ya kuitunza kazi kama mali yake. Lakini umiliki huo peke yake si kinga. Mwaka 1994, wafanyakazi wa shirika la ndege la United, nchini Marekani, walikubali kupunguziwa mishahara, wakapewa asilimia 55 ya hisa. Desemba 2002 shirika lilifilisika, likakimbilia mahakamani. Thamani ya hisa zao ikayeyuka.

Basi kabla ya kununua hisa za kampuni kama hizo, soma ripoti ya mwaka. Wafanyakazi wanamiliki asilimia ngapi? Wana sauti kwenye bodi? Faida na madeni yakoje?

Nawe uliyeajiriwa katika kampuni kama hiyo, usiweke akiba yako yote kwenye hisa zake. Kampuni ikianguka, utapoteza kazi na akiba kwa pamoja. Muulize dalali wa hisa mwenye leseni, na weka kumbukumbu zako. Mali bila daftari hupotea bila habari.