Mifupa Ikipatikana Kwenye Msingi
Mazungumzo na wakazi wa Diani na Msambweni



Ujenzi Diani hauishi. Leo unachimbwa msingi wa nyumba ya kupangisha, kesho wa hoteli, keshokutwa shimo la choo. Katika ardhi iliyokaliwa karne nyingi, jembe la fundi linaweza kugonga fuvu la mtu. Kishawishi cha kwanza ni kunyamaza: mifupa itiwe guniani, ifukiwe pembeni, zege limwagwe. Mkandarasi anahofia siku za kazi, mwenye shamba anahofia shamba.

Tazameni kinachopotea. Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti jirani ya Kilifi, wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wenzao wa Taasisi ya Max Planck ya Ujerumani walifikia shimo dogo, kama mita tatu chini ya sakafu. Mifupa iliyokuwamo ilikuwa ikigeuka unga. Hawakuiokota. Walilizungushia plasta bonge zima la udongo, likapelekwa Nairobi, kisha maabara ya Burgos, Uhispania. Majibu yalitangazwa mwaka 2021: mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, amelazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Mkao wa mifupa ulionyesha kwamba huenda alifungwa kitu kama sanda, na kichwa kiliegemezwa juu ya kitu kama mto kilichokwisha kuoza. Ndilo kaburi kongwe zaidi la binadamu wa kisasa linalojulikana Afrika, na marehemu akapewa jina Mtoto. Angetiwa guniani, angekuwa vumbi tu.

Nani hulipa? Uingereza, kwa kawaida mwenye mradi hulipia kampuni ya akiolojia, na vyuo na taasisi husaidia kwa vipimo. Mwaka 2015 reli ya chini ya ardhi jijini London ilipita kwenye makaburi ya zamani ya Liverpool Street, ikatolewa mifupa ya watu wapatao 3,000. Meno ya baadhi yao yalipimwa Ujerumani, yakaonyesha vijidudu vya tauni ya mwaka 1665. Hapa Kenya, miradi mikubwa hufanyiwa kwanza tathmini ya athari kwa mazingira, kwa gharama ya mwenye mradi. Hapo ndipo habari za makaburi zinapaswa kuulizwa, si siku tingatinga limeshafika.

Sheria ya Makavazi na Urithi ya mwaka 2006 inahesabu mabaki ya binadamu ya kabla ya 1895 kuwa mambo ya kale. Anayeyagundua ana siku saba za kuyaarifu Makavazi. Kwa kuwa fundi hawezi kujua kama mfupa ni wa karne zilizopita au wa mwaka jana, chifu na polisi waambiwe mara moja. Kutoa taarifa hakubadilishi jina lililo kwenye hati ya shamba. Waziri anaweza kulitangaza eneo kuwa la urithi, lakini wenye pingamizi hupewa nafasi ya kulitoa.

Zito zaidi ni heshima, maana huyo ni marehemu wa watu. Mtwapa, Profesa Chapurukha Kusimba aliomba ridhaa ya wenyeji kabla ya kufukua makaburi, akajitahidi kuchimba, kuchukua sampuli na kuzika tena katika msimu mmoja. Utafiti huo, uliofanywa pamoja na Chuo Kikuu cha Harvard na kutolewa mwaka 2023, ulihusu watu 80 wa kale, na ukaonyesha mama Waafrika na baba Waajemi wakichanganyika tangu takriban mwaka 1000. Wazee waliosimulia habari za Washirazi hawakuwa wakibuni yote.

Basi wazee wa kaya na wa msikiti waulizwe kabla mfupa haujaondolewa, wajue unakwenda maabara gani na utarudi lini. Mkataba wa mwenye mradi, chuo na Makavazi usiotaja kurudi huko haujakamilika.

Makavazi yana ofisi Fort Jesus, Mombasa. Hadi wataalamu wafike, funikeni mahali hapo kwa turubai, msihamishe kitu, na mafundi waendelee upande mwingine wa kiwanja.